Mitungi Mitupu ya Dundori

“Kuku wametoka bandani,” sauti ilisema kwenye simu, kisha ikakatika.

Jasusi Jerotich alielewa. Sumu ya wadudu iliyopigwa marufuku, iliyovushwa mpakani kwa magendo, ilikuwa imeondoka Nakuru kuelekea Dundori kwa wakulima wa viazi. Alipanda ngazi za jengo la mshukiwa mbilimbili, akausukuma mlango kwa bega.

Bastola yake ya Glock ndiyo iliyotangulia kuingia.

“Mikono juu, Quincy!”

Quincy, mwenye duka la mtandaoni la pembejeo, aliinua mikono huku akitabasamu. Kuna watu ambao hata nzi angewakwepa, na huyu alikuwa mmoja wao.

“Tafuta mpaka uchoke, madam. Nimefuta kila kitu.”

Redio ya Motorola ilikoroma. Alikuwa Kipngeno, mwenzake, aliyeweka kizuizi kwenye barabara ya kupanda Dundori.

“Lori la Quincy tumelipekua, madam. Ni mbolea tupu. Over.”

“Gari zingine je?”

“Hakuna ya maana. Over.”

Jerotich akaikazia macho tableti iliyokuwa mezani. Ilikuwa ingali inawaka, duka la Quincy likiwa wazi. Alikuwa amewahi kumsikia akijigamba mbele ya watu hotelini: duka lake halina haja ya kujua wewe ni nani wala mwaka jana ulinunua nini. Linafuata unachobonyeza sasa hivi, tangu unapofungua hadi unapofunga, kisha linakupendekezea kinachoendana nacho. Ukitazama jembe, linakuletea mpini.

Haraka haina baraka. Quincy alifuta historia yake yote, akasahau kulifunga duka.

Jerotich aliusogeza ukurasa hadi kwenye mapendekezo.

Mipira ya vifuniko vya mitungi ya maziwa. Brashi ya mitungi. Mtungi wa alumini, lita hamsini.

“Kwani siku hizi unafuga ng’ombe, boss?”

Tabasamu likamfia usoni.

Kila asubuhi pikapu za maziwa hushuka kutoka Dundori zimejaa. Mchana hupanda na mitungi mitupu, na hakuna askari anayejisumbua kufungua mtungi mtupu unaonuka maziwa yaliyochacha. Kesho alfajiri, sumu ikishamiminwa, mitungi iyo hiyo ingetiwa maziwa, na maziwa hayo yangeingia kwenye uji wa watoto wa nasari.

“Kipngeno! Kuna pikapu ya maziwa imepita hapo?”

“Sasa hivi tu. Ilikuwa na mitungi mitupu, nikaiachilia...”

“Ifuate! Fungua kila mtungi!”

Injini ya Subaru ya Kipngeno ilinguruma redioni. King’ora. Matairi yakalia.

Risasi moja.

Jerotich akaisogeza redio mdomoni.

“Kipngeno?”

“Nimepiga tairi. Dere wa pikapu ako chini, tumemshika.” Akakohoa. “Mitungi imejaa hiyo dawa, madam. Inachoma hadi macho. Over.”

Jerotich alishusha pumzi, akamgeuza Quincy na kumtia pingu.

“Wenye pikapu wangesuuza,” Quincy alinong’ona. “Tuliwaambia wasuuze na maji moto.”

Kusuuza! Jerotich alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi na viatu vipya.

“Watoto wako wanakunywa maziwa gani?”





“Ya pakiti.”

Jerotich alimsukumia kwa askari waliokuwa wamemfuata hadi mlangoni. Akashuka ngazi taratibu, akatema mate mtaroni, akavaa miwani yake ya jua na kwenda zake.