Usinitue

Zamda alikuwa ameshatua debe la maji, lakini shingo yake haikulegea. Alivuka ua akiwa wima, mkono mmoja umenyanyuka kidogo, kama anayezuia kitu kisimwagike.

"We mtoto," alisema mama yake, Mwanaidi, "maji yako mtungini. Umebeba nini tena?"

"Sijabeba kitu, mama."

Nyuma yake aliingia pacha wake, Mdoe. Shingo yake ilikaa vilevile.

Walikuwa wamehamishiwa kijiji cha Ujamaa, upande wa Handeni wenye vumbi. Nyumba zilipangwa mstari mzuri, lakini maji yalibaki kule walikotoka, kwenye lambo la mahameni. Mwanaidi, mwenye kitoto kichanga mgongoni, alikuwa na uchovu usioisha kwa kulala. Ahueni yake ilikuwa jirani yake, Serafina. Huyo alipomwona mtu anakuja na mzigo, hakungoja kuombwa. Aliacha hata ugali jikoni, akatoka mbio kumtua.

Siku chache baadaye Zamda alibeba pipa zima kichwani, bila ngata, bila kulishika. Mdoe aling'oa visiki vya shamba la kijiji kwa mikono mitupu, kama mtu anayeng'oa muhogo. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Sadala, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Trekta letu limekwama Korogwe, kumbe tunayo mawili hapa! Na hayanywi dizeli!"

Wajawazito waliletewa maji mlangoni. Wazee waliambiwa wakae kivulini. Kila mtu alishukuru, na Mwanaidi, aliyepumzika kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, hakuuliza kitu.

Lakini watoto walikonda. Hawakuweza kulala chali. Walisinzia wameketi, migongo ukutani. Jioni moja, kabla hajawasha koroboi, Mwanaidi alisikia maji yakicheza ndani ya chungu, taratibu, chwa, chwa, juu ya vichwa vya wanawe, mahali ambapo hapakuwa na chungu wala maji, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba kilichokuwa kikavu tangu masika yapite, naye alipopapasa hewani kiganja chake kikagusa kitu baridi, cha mviringo, chenye jasho, na kitu kile kikahema.

"Mlikutana na nani?" alinong'ona.

"Bibi mmoja, kule mahameni," Zamda alijibu, naye akinong'ona. "Alikuwa na chungu kichwani. Tukamwamkia, hakuitikia. Akasema tu, 'Wajukuu zangu, nitueni.' Tukakishika, mimi huku, Mdoe huku. Tulipotafuta pa kukiweka, hayupo. Na chungu hakipo."

"Si mngemwacha tu amesimama?"

"Ungetuchapa, mama," alisema Mdoe.

Kweli. Angewachapa.

Akamwita Bibi Tatu, mganga wa Kilole. Bibi alinusa mlangoni, akakataa kuketi.

"Hili haliombi damu wala ubani. Linapenda watu waliolelewa vizuri."

"Litoe, bibi yangu."

"Haliwekwi chini. Linapokelewa tu, na mtu anayetaka kumpunguzia mwenziwe. Nguvu hizo mnazozisifu ni za maisha yao yote, wanazitumia sasa hivi. Wamebakiza kidogo, mwanangu."

Mwanaidi alitoka, akampa Serafina kitoto. "Nishikie kidogo." Akarudi, akasimama mbele ya wanawe.

"Mama, usitutue," Zamda alilia. "Mama, nakuomba!"

Akanyoosha mikono.

Watoto walianguka mkekani na kulala hapohapo, chali, midomo wazi. Mdoe akaanza kukoroma. Mwanaidi hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Juu ya kichwa chake, chwa, chwa.

Hakumweleza Serafina. Alimjua, angeng'ang'ania wagawane. Tangu siku hiyo akawa anarudi kutoka lamboni kwa njia ya nyuma ya maboma, na debe lake alilitua mwenyewe, mbali na macho ya watu. Mwili wake haukuchoka tena. Kilichochoka ni kitu kingine, kisicho na mahali pa kuegemea.

Alasiri moja, akiwa na debe kichwani, kwenye kona ya njia ile ya nyuma, alimkuta Serafina amesimama juani, kitoto alichomwachia kimelala mgongoni mwake.

"Mama Zamda, unanikimbia siku hizi? Tazama ulivyokwisha!"

"Usinitue." Mwanaidi alirudi nyuma. "Serafina, dada yangu, nakuapia, usinitue."

"Acha aibu zako," Serafina alicheka kwa upole, akajifunga kanga vizuri, akasogea na kunyoosha mikono yote miwili.