Sauti Iliyombembeleza Mtoto

Mvua ilianza kunyesha ndani ya spika kabla mama mtoto hajabonyeza chochote. Alikuwa bado kapiga magoti nyuma ya redio kubwa ya sebuleni, waya kauchomeka huko nyuma, ncha ya upande wa kompyuta iko mkononi mwake, inaning'inia. Akaiangalia. Labda mambo ya umeme, akajisemea, akaichomeka, maana mvua hiyo ndiyo aliyotaka kumwekea mtoto aliyekuwa akilia tangu alfajiri, na sauti ya kompyuta yenyewe ilikuwa kama ya mbu, haimbembelezi mtu.

Mtoto akazidi kulia. Ndipo neno likamtoka mama:

"Jamani, anayemtaka huyu amchukue!"

Mtoto akanyamaza, macho kwenye spika.

Kesho yake ndani ya mvua mkawa na mwanamke anayeimba. Sauti ilikuwa ya mama mtoto mwenyewe, ila tamu, isiyochoka, na kwenye kitambaa cha spika kulitoka harufu ya udi uliolowa. Aliogopa, kwa nini asiogope? Lakini mtoto alilala, na yeye akalala. Siku iliyofuata alimtandikia mkeka mbele ya spika kwa mikono yake, akaenda kuoga, akaoga taratibu.

Mama mkwe akaja bila taarifa.

"Kumbe mkwe wangu fundi wa kubembeleza! Nimekusikia toka nje."

"Shikamoo, mama," alisema, akitokea jikoni na mikono ya povu la vyombo.

Mama mkwe hakuitikia. Alimtazama yeye, akatazama sebuleni, ambako wimbo ulikuwa unaendelea.

"Nani anaimba?"

"Kompyuta, mama."

"Kompyuta gani? Si imezimwa? Na waya si huu hapa chini?"

Jioni ile ile akaletwa mwalimu wa dua. Alisoma na kusoma, na kadiri alivyosoma wimbo ukapanda, taa zikafifia, udi ukawakaba koo, mtoto akacheka peke yake mkekani akinyoosha mikono kwa mtu wasiyemwona, mpaka mzee akashusha pumzi na kusema kwa sauti ya chini:

"Huyu hakuvamia. Kakaribishwa. Aliyemkaribisha aseme mbele yetu kwamba amerudisha neno lake, atatoka sasa hivi."

"Nani ampe jini mtoto?" mama mkwe alinong'ona. "Huyo si mzazi, ni mnyama."

Wote wawili wakamgeukia mama mtoto. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Si mimi, mama."

"Mwanangu," mwalimu alisema, "hakuna atakayekucheka."

"Sijasema kitu mimi."

Mwalimu akafunga kitabu chake. Redio ikabebwa, ikavunjwavunjwa nyuma ya nyumba. Mama mkwe akahamia hapo awasaidie, na wiki nzima ilipita bila sauti, hata akaanza kujidanganya yameisha.

Mchana mmoja mtoto akatambaa hadi kwenye pembe tupu ilipokuwa redio, akaegemeza shavu ukutani, akatamka neno lake la kwanza:

"Mama."

Alimkimbilia, kinywa wazi amwitikie, akachelewa.

"Abee, mwanangu," pembe ikaitika kwa sauti yake, ile tamu isiyochoka.

Mama mkwe akacheka huko jikoni. "Eeh! Hivyo ndivyo mtoto anavyoitikiwa, mkwe wangu!"

Alisimama pale katikati ya sebule, mikono mitupu. Angeweza kusema amerudisha neno lake. Mdomo ulikuwa wake bado.

"Asante, mama," akasema.