Herufi Moja Ilibaki

Jua lilikuwa likiaga wakati Mwalimu alipoingia karakana ya marehemu baba yake kuchukua tindo. Kaka yake ndiye aliyemtuma. Tangu baba azikwe alikuwa akikohoa vumbi jeupe, akasema hana nguvu za kwenda mwenyewe. Akamwita "Tindo mwenzangu."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Kwao walichonga mawe ya makaburi, hata chombo cha kazi kikawa jina la ukoo. Lakini siku ya kugawana urithi kaka alitamka mbele ya jamaa wote kwamba mtoto wa kike ni wa kwa watu, Tindo amebaki mmoja. Mwalimu akatoka na sanduku la nguo na sufuria isiyo na mfuniko. Leo kaneno kamoja kalimlainisha. Undugu ni kufaana, alijiambia, kama mjinga yeyote.

Ndani kulinuka tumbaku ya baba.

Ko... ko... ko...

Hapakuwa na mtu. Tindo ilisimama yenyewe juu ya jiwe jipya, ikichonga. Akasogea. Lilikuwa jina lake, kisha TIND.

Herufi moja ilibaki. Baba hakuwa akichonga herufi ya mwisho mpaka mwenye jina awe kaburini.

Nyuma yake komeo likasukumwa.

"Kaka?"

"Nisamehe, dada." Sauti ilitoka nje, ya kunong'ona. "Kila kizazi, hiyo tindo huchukua Tindo mmoja. Mimi nina watoto."

Mwalimu aliigeukia tindo, akasema polepole, kama anavyofundisha darasa la kwanza:

"Mimi si Tindo. Alisema mwenyewe. Yuko mlangoni, muulize."

Ikasita...

Kisha, ko... ko... Safari hii upande wa nje wa mlango.

Asubuhi majirani walifungua komeo. Kaka alikuwa ameketi kizingitini, mdomo umejaa vumbi jeupe. Daktari alisema ni mapafu, ugonjwa wa wachonga mawe. Mwalimu naye angependa iwe mapafu.

Sasa watoto wa kaka anawalea yeye. Juzi jioni mdogo wao alimlalia mapajani.

"Shangazi, Tindo mkubwa sasa si ni wewe?"

Mwalimu akafungua mdomo akane. Akamtazama mtoto. Akaufunga.

Kule karakana, nyuma ya kufuli...

Ko.