Mwenye Makelele Hakulipwa Kwanza

Kila asubuhi Fidélie aliuza tomson, samaki wa barafu, mbele ya nyumba yao katika mtaa wa Kikula. Samaki walitoka kwenye frigo, jokofu lao la kugandisha, wagumu kama jiwe. Mume wake, Urbain, alifanya kazi kiwandani. Lakini mwezi ule mshahara wake haukutoka.

Mwenye nyumba alitaka kodi. Karatasi ya umeme ilikuwa imefika: siku tano, kisha wanakata. Shule ilidai karo ya binti yao, Jessy. Na Carlos, aliyewauzia televisheni kwa mkopo, alikuja kila siku kupiga makelele mlangoni. Majirani wote walisikia.

"Tumulipe Carlos," Urbain alisema. "Miye niko na haya."

"Na courant, Baba Jessy? Wakikata umeme, samaki yote itaoza!"

Urbain alichukua falanga zote, pesa za samaki, akavaa viatu. Fidélie akasimama mlangoni.

"Ngoja. Twende kwanza kwa Maman Élisabeth."

Jirani huyo alikuwa ametunza falanga za parokia kwa miaka mingi. Aliwasikiliza, kisha akauliza, "Carlos asipolipwa, atafanya nini?"

"Atapiga makelele," Urbain alisema. "Pengine atabeba televizyo yake."

"Na mwenye nyumba?"

"Atatufukuza."

"Na courant?"

"Tutakosa chakula," Fidélie alijibu. "Ile frigo ndiyo inatulisha."

"Basi, mumejibu. Musiangalie nani anapiga makelele sana. Muangalie nini itawaumiza sana. Chakula, nyumba, na kile kinaleta falanga: mulipe hivyo kwanza. Wengine, muende kuwaona, musingoje wakuje. Museme mutalipa ngapi, na siku gani. Musiahidi kile hamuna."

Siku ileile walilipa umeme na kodi. Shule ilikubali karo kwa mafungu matatu.

Urbain alikwenda mwenyewe kwa Carlos. Carlos alifoka.

"Ukipenda, beba televizyo," Urbain alisema kwa upole. "Ukingoja, kila Jumamosi nitakuletea kidogo. Naanza leo."

Carlos alitazama noti mkononi mwa Urbain. Akazipokea.

"Haya. Jumamosi."

Samaki waliuzika vizuri. Hawakukosa Jumamosi hata moja. Mwezi wa tatu tangu siku ile, Carlos alipokea noti za mwisho. Akaandika kwenye karatasi, akatia sahihi.

Urbain aliisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Deni limekwisha."

Fidélie alipiga vigelegele, vikasikika mpaka barabarani.