Kiwiko cha Upande wa Abiria

Haya yalimkuta shemeji yangu na mimi nilikuwepo, kwa hiyo msiseme nimeyaokota vijiweni. Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya kawaida kabisa kwenye karakana yetu ya kutengeneza magari kwa ndani. Yeye alikuwa akipiga randa mbao, mimi nikishona vitambaa vya viti kwenye cherehani, na redio ilipiga kelele bila mtu wa kuisikiliza.

Mkewe, dada yangu, alikuwa na miezi minne kaburini. Alikata roho kwenye kiti cha abiria cha gari lao la porini, wakiwa njiani kwenda hospitali. Tangu siku hiyo binti yao wa miaka tisa aliapa kwamba hapandi gari lile. Alikuwa akikaa kwa mama yangu, bibi yake, na shemeji alimtaka nyumbani kuliko kitu chochote duniani. Akasema atalibadilisha gari ndani mpaka mtoto asilitambue. Ataanza na kisanduku cha katikati ya viti vya mbele, chenye matundu ya vikombe, swichi za taa na mfuniko wa kuegemeza mikono.

Sisi wa kazi hii tuna desturi moja: kisanduku hicho hakipimwi gari likiwa tupu. Dereva anakaa, abiria anakaa, kila mmoja anaweka kiwiko, unapima kutoka sakafuni na kuandika kwenye kadibodi. Vipimo vikitofautiana, mfuniko unakatwa kwa mteremko.

Shemeji alirudi kutoka garini na kadibodi yake. Upande wa dereva, sentimita hamsini na mbili. Upande wa abiria, arobaini na nne.

"Nani alikukalia upande wa pili?" nikamuuliza.

"Si wewe?"

"Mimi sijanyanyuka hapa tangu asubuhi."

Tuliligeukia gari pamoja. Mlango wa abiria ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka ndani. Kiti hakikuwa na mtu, lakini sponji yake ilikuwa imebonyea.

"Ni yeye," shemeji akanong'ona.

Nilipaswa kuogopa. Sikuogopa. Tangu mazishi nilikuwa nimekufa ganzi, nakula bila kuhisi ladha, nacheka kwa sababu wenzangu wanacheka. Niliwaza jambo moja tu. Dada alikuwa mrefu kuliko mumewe. Siku ya harusi watu walitania kwamba bwana harusi apandishwe juu ya kreti la soda ndipo wapigwe picha.

"Shemeji, mbona hicho kiwiko kiko chini hivyo?"

"Aliugua sana. Alikwisha."

Ugonjwa hukondesha, haumfupishi mtu. Maneno yalinifika kwenye ulimi, nikayameza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona akitabasamu.

Akakata plaiwudi kwa mteremko. Nikagundisha sponji, nikavalisha ngozi. Alhamisi tukakifunga, kikakaa barabara. Kazi safi. Shemeji alikuwa akipitisha kiganja juu ya mfuniko, upande ule mmoja tu, polepole.

Jumamosi saa sita mchana tukamfuata mtoto. Nilikaa nyuma, wala hakuna aliyeniambia nisikae mbele. Bibi akamtoa mjukuu wake amemshika mkono. Shemeji akafungua mlango wa abiria.

"Njoo uone, mwanangu. Baba amekutengenezea. Na mama yupo."

Mtoto akasogea. Akatazama kisanduku. Akatazama kiti. Akatazama sana.

Akarudi hatua moja.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu nani?"

Tabasamu lilimtoka shemeji usoni kidogo kidogo. Kisha akageuka kunitazama mimi, kule nyuma. Nikainamisha kichwa. Akajua kwamba nilijua.

Mtoto hakupanda. Mpaka leo yuko kwa bibi yake, na hata babake akienda kwa miguu, hatoki chumbani kumsalimia. Kisanduku tulikichoma siku ileile. Shemeji aliacha kazi pale karakanani na hajanisemesha tena, na simlaumu.

Gari aliniachia mimi, liko nyuma ya karakana, funguo ziko mfukoni mwangu. Jana nilichungulia dirishani. Kiti cha abiria kimesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli zake.

Na mkanda umefungwa.