Fundo la Majani Katika Msitu wa Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya shule, Xinghua alipanda na ndoo zake mbili hadi chemchemi iliyo juu ya kijiji chetu, huku milimani Guizhou, kusini mwa China. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wasichana wenzake walipopita mlimani walionyeshana misunobari waliyopandiwa siku walipozaliwa, ambayo hukatwa msichana akifika miaka kumi na minane, apate vyombo vya kuanzia nyumba yake. Xinghua hakuwa na wa kuonyesha. Miaka miwili nyuma mvua ilinyesha siku nne bila kupumua, mlima ukaporomoka, na misunobari yake ikaenda na matope.

"Wewe utaolewa ukiwa na kabati la mianzi," rafiki yake Peilan alimtania. Xinghua alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Siku moja, pale chemchemini, alisokota majani matatu kuelekea kushoto, kama wasokotavyo watu wa nyumba yao, akayafunga kwenye msunobari mnene. Kwetu, kitu kikishafungwa fundo kina mwenyewe. Hakutaka kuukata. Alitaka tu kuwa na mti wake.

Mwaka huohuo, majira ya kuchipua, tulikuwa tumebadilisha sheria. Zamani kila ukoo ulijichagulia mti wa kukata katika msitu wa chemchemi. Kwa sababu ya maporomoko yale tulikubaliana kwamba hakuna atakayekata humo bila kibali cha kijiji. Juu ya mafundo, hatukusema neno.

Basi baba yake mdogo, Shenggui, alikuwa akitafuta boriti ya ghala lake lililosombwa na matope. Aliliona fundo la nyumba yao, akaamini kwamba kaka yake amemwombea kibali. Hakuuliza. Akaukata mti.

Mama Long, mlinzi wa msitu, alikuta kisiki kinatoa utomvu. Jumapili mchana ngoma ikapigwa, tukakusanyika mnarani, mahali pa mikutano ya kijiji. Shenggui alieleza habari za fundo. Kaka yake, baba wa Xinghua, aliulizwa, akasema hajafunga fundo lolote.

"Njia ya mwongo ni fupi, Shenggui," mtu mmoja akamwambia.

Kwetu, mkata mti asiye na kibali hutoa nguruwe, na nyumba zote hula. Lakini mkata mti aliyesema uongo hunyimwa sauti: kwa miaka mitatu, akisema neno mnarani, hakuna wa kumwitikia. Nguruwe Shenggui angemtoa. Hilo la pili lilimtoa machozi mbele ya watu, naye si mtu wa kulia.

Xinghua alikuwa ameketi nyuma na Peilan. Angenyamaza, asingejulikana milele. Akasimama.

"Fundo ni langu," alisema. "Baba mdogo hakusema uongo."

Alieleza yote, hata lile la kabati la mianzi, na Peilan akainamisha kichwa.

Shenggui alitoa nguruwe wake, kwa kuwa hakuuliza, ila jina lake lilibaki safi. Xinghua alipewa miche arobaini aipande na kuitunza pale mlima ulipoporomoka. Na sheria tukaitengeneza upya siku ileile: katika msitu ule fundo halimpi mtu mti, na kibali hutamkwa mnarani, sote tukisikia na kuitikia. Ile ya awali ilikuwa na tundu, na aliyetuonyesha ni mtoto.

Siku ya kupanda, Mama Long alikwenda naye, na Peilan akaja na jembe bila kuitwa.

"Miti hii inashika udongo na maji," Mama Long aliwaambia, "na inameza hewa chafu inayoipasha dunia joto na kutuletea mvua za fujo. Ndiyo maana tumeiwekea sheria. Lakini sheria haina macho, wanangu. Macho yake ni mtu anayesema kweli hata ikimuuma."

Walipomaliza, Mama Long alisokota fundo kubwa la majani, akalifunga kwenye kamba iliyokatiza njia ya kuingia msitu wa chemchemi.

"Hili la nani?" Xinghua aliuliza.

"La maji," alijibu Mama Long. "Na kesho ukienda kuchota, mwambie mwenye mali kwamba miti yake ipo yote, kasoro mmoja."