Sofa ya Chumba cha Video

Wakati wa likizo ya Agosti, watu wa nyumba ya Mzee Opicho mtaani Donholm walitembea mchana kutwa kwa ncha za vidole. Baba alifanya kazi usiku katika kiwanda cha sabuni, na mchana ndipo alipolala. Chumba chake kilipakana na sebule, kwa hiyo televisheni ilikaa bubu kama kabati. Hata deki ya video waliyopewa na Ami Laban, mdogo wake Baba, ilikuwa bado imefunikwa kwa karatasi ya nailoni.

Nabalayo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alichoka kunong'ona. Uani palikuwa na chumba kilichojaa samani kuukuu: sofa iliyobonyea, kitanda cha mtoto, kabati lisilo na milango na viti vyenye miguu iliyolegea. Wengine waliona kuni. Nabalayo aliona sinema.

Jioni moja, Baba alipokuwa akinywa chai kabla ya kwenda kazini, Nabalayo alimkabili.

"Baba, tupe chumba cha uani tukifanye cha video."

"Nimemwahidi Njogu," Baba akajibu. "Anatafuta pa kuweka marobota yake ya mitumba."

"Na Kukhu je? Atatazamia wapi harusi ya Ami?"

Baba akaweka kikombe chini. Kukhu, yaani nyanya yao, alikuwa amelazwa hospitalini Bungoma siku ambayo Ami Laban, kitindamimba wake, alimwoa Asenath. Alikuwa hajaiona harusi hiyo hata kidogo. Jumapili angefika Nairobi, na kanda ya harusi ilikuwa ikimsubiri.

"Sawa," Baba akasema. "Jumapili Njogu anakuja kukagua chumba. Nikikuta mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa kwa heshima, chumba ni chenu. Nikikuta takataka, ni cha Njogu. Na sinunui hata msumari!"

Kesho yake Nabalayo alimwita Ruqiya, rafiki yake wa nyumba ya jirani. Ruqiya alikuwa na mikono hodari na ulimi hodari zaidi.

"Hii sinema yenu ina panya wa kulipa kiingilio?" akauliza, huku akitoa kiota kabatini.

Walicheka, kisha wakakunja mikono ya nguo zao. Walimwagia mbao maji ya moto kuwaua kunguni, wakazianika juani. Walilikwangua kabati kwa msasa hata mbao ikang'aa. Likawa la kuwekea televisheni. Walikitoa kitanda cha mtoto ubavu mmoja, wakakiinua juu ya matofali nyuma ya chumba. Kikawa benchi refu, ili wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Viti walivipigilia miguu upya.

Kufikia Ijumaa, sofa ndiyo iliyobaki.

"Tuipindue tuone tumbo lake," Ruqiya akasema.

Waliipindua. Mikanda ya chini ilikuwa imeoza yote, ikining'inia kama matambara.

"Hapa kuna kazi," Ruqiya akasema. "Kesho nina madrasa. Tutaanza Jumatatu."

"Jumatatu! Njogu anakuja kesho kutwa!"

"Basi mwambie baba yako ukweli. Mwambie sofa bado."

Nabalayo hakumwambia. Jumamosi, akiwa peke yake, alitandika katoni mbili nzito juu ya lile shimo, akaweka blanketi kuukuu, kisha akaomba vitambaa vya Mama. Mama Lenah alikuwa na vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake, vya kutandikwa sebuleni wageni wakija. Nabalayo alivitandaza juu ya sofa, kimoja mgongoni, kimoja kila mkono, na kikubwa kuliko vyote juu ya shimo. Sofa ikapendeza kama ya bwana harusi.

"Nani hupindua sofa ya watu?" alijiambia. "Mgeni hutazama kitambaa."

Jumapili baada ya ibada chumba kilijaa. Baba alizunguka akipapasa kabati na benchi, akitikisa kichwa kwa mshangao. Mama alitabasamu hadi masikioni. Hata Njogu, mfanyabiashara mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa, alipiga mluzi.

"Mzee Opicho, umefuga mafundi na hukuniambia!"

"Naona mitumba yako itatafuta kwingine," Baba akajibu.

Moyo wa Nabalayo ukaruka kwa furaha. Chumba kilikuwa chao!

Ndipo Kukhu alipoingia, mkono mmoja ukishika bakora na mwingine ukishika nyonga iliyokuwa ikimsumbua. Alitazama viti, akatazama benchi, kisha akaielekea sofa moja kwa moja.

"Hapa panafaa mifupa yangu," akasema. Akageuka, akaanza kushuka polepole.

Nabalayo aliona mambo mawili kwa pamoja. Akinyamaza, chumba ni chao. Akinyamaza, Kukhu ataangukia nyonga ile ile.

"Kukhu, usikae!" akapiga kelele. Aliruka akamshika kiunoni. "Usikae hapo! Chini hamna kitu!"

Alivuta kitambaa, blanketi na katoni. Shimo likaachama mbele ya watu wote.

Shiundu, mdogo wake, akasema, "Haki ya nani! Hiyo ni sofa au kisima?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Njogu. "Mzee, kumbe ni kuni tu! Kesho nilete marobota?"

Baba alimtazama binti yake, uso umekunjamana. "Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Nilitaka chumba. Nisamehe."

Kukhu alikuwa ameketi juu ya kiti cha kawaida, akitweta. "Opicho," akasema, "mtoto huyu alikuwa amekwisha kushinda. Amekitupa chumba chake ili mimi nisivunjike. Mpe nafasi. Mimi siondoki hadi niione harusi ya mwanangu, na nitaiona nikiwa juu ya sofa hii hii."

"Njogu, rudi Jumamosi," Baba akasema. "Utakuja kulichukua ghala au utakuja kulikosa."

Jumatatu sofa ilipinduliwa. Ruqiya hakumcheka Nabalayo, ila alisema mara moja tu, "Ningekuwepo, ningekukalisha wewe." Waling'oa misumari yenye kutu, wakainyoosha kwa jiwe. Walikwenda Kariobangi kwa mafundi wa magurudumu, wakafagia kibanda kizima, nao wakapewa tyubu za lori zilizokwisha kazi. Walizikata mikanda mirefu, wakaivuta kwa nguvu zao zote na kuipigilia, wakaisuka mmoja juu mmoja chini, kama mtu asukaye mkeka. Mikono iliwatoka malengelenge. Mkanda mmoja ulifyatuka ukamchapa Ruqiya shavuni. Aliutukana, akauvuta tena. Juu ya mikanda waliweka sponji ya godoro kuukuu waliyoifua na kuianika, wakashona juu yake pazia la zamani la rangi ya samawati.

Jumamosi Nabalayo hakutandika kitambaa chochote. Watu walipoingia, walikuta sofa imelala kifudifudi, mikanda yake nje.

"Tazameni kwanza," akasema.

Baba aliivuta mikanda, mmoja baada ya mwingine. Kisha aliisimamisha sofa, akamgeukia Njogu. "Wewe ndiwe mzani wetu. Kaa."

"Mzee, unataka kuniua?"

"Kaa, bwana!"

Njogu alikaa kwa woga, kama akaaye juu ya mayai. Sofa ikanesa, ikatulia. Akaruka kidogo. Ikanesa, ikatulia. Akajitupa kwa uzito wake wote, na Mama akafumba macho. Sofa ikamrusha juu na kumpokea tena.

"Ala!" Njogu akapasua kicheko. "Opicho, marobota yangu siyaleti humu. Hapa ni pa watu!"

Shangwe ikalipuka. Nabalayo na Ruqiya walikumbatiana wakirukaruka, na Shiundu akakimbia uani akipiga kelele kwamba sinema imefunguliwa. Kukhu akamwondoa Njogu kwa bakora. "Toka kwenye kiti changu."

Kanda ilipoanza kuzunguka, Baba alisimama mbele ya watoto wote.

"Sikilizeni," akasema. "Kuficha ubovu ni rahisi, na watu watakusifu hadi mtu aumie. Nabalayo aliukiri uongo wake siku ambayo kuuficha kungemfaa, kisha akaurekebisha ubovu kwa jasho. Chumba hiki ni chao yeye na Ruqiya, si kwa sababu kinapendeza, bali kwa sababu tunaweza kukiamini. Kazi ya kweli haiogopi kupinduliwa."

"Umesema vyema, mwanangu," Kukhu akasema, macho yake hayajaiacha televisheni. "Sasa pisha. Mdogo wako anaingia kanisani."